Chupa Niliyoisugua kwa Gunia

Jirani yangu nilimpeleka mtoni mimi mwenyewe. Alikuwa ametoka upande wa magharibi, hana kazi, nikamwonyesha jiwe langu la kufulia pale mto Sosiani. Nikamfundisha kufua magunia ya plastiki yaliyobeba mbolea na dawa za shamba, tunayowauzia wakulima wa Ziwa na Moiben wakati wa kuvuna mahindi. Kwa hivyo mwalimu wa chuo alipokuja kutafuta mama mmoja wa kumtekea maji ya mto kwa chupa kila Jumatatu, akayapime chuoni, nilijua ni mimi. Nilikuwa hata nimejipangusa mikono.

Alimchukua jirani.

Sitaki kumsema vibaya. Yeye alifika fom two, mimi niliachia darasa la sita, na zile lebo za chupa zilitaka mtu wa mwandiko mzuri. Hiyo ni haki, nimeipima mara nyingi. Lakini roho haikusikia. Alipewa gamubuti mpya za kijani, na mimi nimesimama kwa maji hayo hayo miaka yote na malapa. Mwalimu alikuwa anakaa naye nyasini wanakunywa chai, mimi nikisugua gunia kuliko lilivyohitaji.

Siku moja nikamwambia, "Siku hizi unatembea kama daktari wa mto."

Akacheka. "Daktari gani ananuka mbolea?"

Hakujua kwamba sikuwa natania. Au alijua, sina hakika.

Jumatatu moja alikuwa na matanga kwao. Aliniachia chupa ya kioo yenye kifuniko cha chuma, lebo ameshaandika. "Jirani, nitekee tu. Usiguse ndani na kitu. Suuza na maji ya mto mara tatu, jaza, funga, weka kwa kreti ya mwalimu."

Nilielewa. Lazima niandike hivyo, kwa sababu baadaye nilitaka kusema sikuelewa. Lakini niliinua ile chupa kwa jua nikaona kama ina ukungu, nikafikiri, leo mwalimu ataona nani msafi hapa. Nikachukua jivu na kipande cha gunia kuukuu, kile tunachosugulia sufuria, nikaisugua ndani mpaka ikang'aa. Nilipanga kungoja isifiwe, ndipo niseme ni kazi ya nani.

Wiki iliyofuata mwalimu alishuka na uso mzito. "Mama, ile chupa ya mwisho imejaa nyuzi za plastiki kushinda zote. Uliosha na nini?"

Jirani akaangalia maji tu. Mwalimu akasema kama hawezi kuamini chupa, itabidi atafute mtu mwingine.

Mtu mwingine. Hilo neno lilinifikia kama harufu ya chapati kwa nyumba ya watu. Nafasi ilikuwa hapo, nilihitaji tu kufunga mdomo. Nilikamua gunia zima kabla ya kusema, "Mwalimu, ni mimi. Nilisugua na gunia."

Hakukasirika. Alichukua kile kipande akakikwaruza kwa ukucha, vumbi la nyuzi likaanguka. "Plastiki haiozi, mama. Inakatika tu, mpaka huioni. Unajua mkebe wa plastiki uliokuwa na mafuta ya kupikia? Ukiosha na maji matupu bado unateleza. Na hivi vipande ni hivyo hivyo, vinashika dawa za shamba, vinatembea nazo mtoni, samaki anameza zote mbili."

Halafu akatazama magunia yetu juu ya jiwe. Ni jirani aliyesema, "Kwa hivyo sisi ndio tunaovipanda hivi vipande mtoni."

Kazi ilibaki kwake. Tukipanda kwenda nyumbani nikamwuliza mbona hakunitaja, hata hakuniangalia.

"Ningekuangalia, mwalimu angejua."

Nilikuwa nimezoea kumwonea wivu wa gamubuti, sasa ukawa na wa roho yake pia.

Siku hizi nafulia magunia kwa karai, mbali na mto, maji machafu namwaga kwa shimo. Sijui kama inasaidia, mwalimu anasema ni afadhali. Kutoka hapo naona gamubuti zake ndani ya maji. Moja imeanza kupasuka kisigino. Nilifurahi kidogo nilipoiona, kisha nikamwambia aizibe kabla haijaingiza maji.