Wendell Aliyemfungia Nduguye Mlango

Kwa miaka kumi na mmoja nilipokea vikombe vya mkojo katika mahakama ya waraibu, huku milimani Kentucky. Msinicheke, kazi ni kazi. Kila mraibu alipangiwa rangi; kila asubuhi walipiga simu mahakamani, na aliyesikia rangi yake ikitajwa alikuja kupimwa kabla ya saa sita mchana. Ijumaa wote walisimama mbele ya Jaji Caudill, kila mmoja akataja ana siku ngapi bila kutumia, na ukumbi mzima ukampigia makofi.

Wendell Stidham alikuwa wa rangi ya kijani. Alichimba makaa ya mawe tangu ujana, mpaka paa la mgodi likamvunja mgongo. Daktari akampa vidonge vya maumivu, na hakuweza tena kuviacha. Alipokamatwa akiviuza, jaji alimpa njia mbili: mwaka na nusu wa mahakama hii, au miaka mitano gerezani. Akikosea, mitano inamngoja. Mama yake, Opal, alikuwa na miaka themanini na mmoja. Wendell aliogopa jambo moja tu, kwamba mama atazikwa yeye akiwa ndani.

Nilimpenda kwa utani wake.

"Leo umechelewa, Wendell."

"Bi Fern, ng'ombe mzee hakamuliwi kwa haraka."

Siku moja alikuja dirishani kwangu na karatasi ya masharti.

"Hapa wanasema nisimkaribishe kwangu mtu anayetumia. Mdogo wangu Dewey akija akakaa barazani tu?"

"Baraza ni la nani?"

"Langu."

"Basi umeshajijibu. Anayefuata."

Sikuinua hata kichwa. Sharti lilihusu ndani ya nyumba, na jaji alishawaruhusu wengine kukaa barazani na ndugu zao. Simu moja kwa ofisi ya jaji ingetosha kuhakikisha. Lakini foleni ilikuwa ndefu na mimi nilikuwa na njaa. Hiyo ndiyo sababu yote, sina nyingine.

Jumapili moja ya Novemba, baada ya ibada, Dewey akaja. Haya alinisimulia Wendell mwenyewe.

"Nifungulie, kaka. Kuna baridi."

"Siwezi, Dewey. Watanifunga."

"Basi nikae hapa nje."

"Hata hapo hairuhusiwi. Nenda kwa mama."

Dewey akacheka. "Umekuwa mkubwa wewe. Siku hizi hata kukojoa unaitwa kwa simu."

Akaenda kukaa ndani ya gari lake, hatua thelathini kutoka mlangoni. Wendell alishusha pazia ili asimwone, akala maharage na mkate wa mahindi. Kwenye droo ya jikoni alikuwa na dawa ya kupuliza puani, ile inayomwamsha aliyezidisha vidonge. Tuliwapa wote. Alipomaliza kuosha sahani akachungulia, akamwona nduguye ameegemea usukani. Alikimbia na ile dawa, akapuliza, akapuliza tena. Midomo ya Dewey ilikuwa imeshageuka bluu.

Ijumaa iliyofuata Wendell alisimama.

"Siku mia tatu na kumi na mbili."

Watu wakaanza makofi kwa mazoea. Jaji akainua mkono, wakanyamaza.

"Pole sana, Wendell. Nimesoma maelezo yako kwa polisi. Lakini barazani hukukatazwa. Nani alikuambia?"

Nilikuwa nimekaa palepale, kalamu mkononi. Wendell hakunitazama.

"Hakuna, Mheshimiwa. Nilielewa vibaya mwenyewe."

Ningeweza kusimama. Nisingefungwa, pengine hata kazi nisingefukuzwa. Niliandika siku zake kwenye daftari, mia tatu na kumi na mbili, na nikajichukia.

Alihitimu Julai iliyofuata. Siku hiyo jamaa wa mhitimu husimama akasema neno, na Opal alisimama na mkongojo wake.

"Nilizaa wawili, na wote wawili vidonge vilinichukulia. Mahakama hii imenirudishia mmoja. Nashukuru."

Safari hii makofi yalikuwa mengi. Kisha bibi akapita akitupa mkono mmoja mmoja, mpaka akanifikia.

"Wendell anasema wewe ndiye uliyekuwa ukimwelekeza."

"Ndiyo, mama."

"Mungu akubariki, mwanangu."

Akanikumbatia. Wendell alikuwa nyuma yake, ameinamisha kichwa, na mimi nikamwacha mama yake anikumbatie.