Miezi Miwili, Jiko Moja

Mamangu na mdogo wake wamepika pamoja tangu sijazaliwa, katika jiko la nyumba yetu hapa Kibokoni: pilau na tambi za Idd, kwa watu wasiotaka kujichosha siku ya sikukuu. Mimi kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta, na ya kwao niliiandika mwenyewe. Mteja anaagiza kwa simu, jiko linajua lipike nini, mpeleka chakula anajua aende wapi.

Wakati huo nyumba nzima ilifuata mwezi mmoja, ule unaoonekana hapa kwetu. Kisha mama mdogo akaolewa mara ya pili, kwa watu wanaofuata mwezi wa Saudia, na wakwe zake wote wakawa wateja. Mwaka huu, Ramadhani ikielekea ukingoni, akaniambia kwa upole, na upole wake ndio ninaouogopa, kwamba chakula cha watu wake kikitoka baada ya Idd yao, atahamisha sufuria zake akapike kwa mumewe. Mama alisikia. Akaendelea kuchambua mchele ambao alishauchambua. Nisiseme uongo, moyo uliniuma.

Nikaifungua programu. Lo! Idd ilikuwa imejichimbia kila pembe: kwenye oda, kwenye upishi, kwenye usafirishaji. Nikisogeza tarehe hapa, oda kule zinapotea. Wahenga wasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi huu wangu niliona bora niubomoe.

Nikautoa mwezi, nikauweka peke yake, kipande kidogo chenye kazi ya kujibu swali moja tu: Idd ya mteja huyu ni lini? Jiko likabaki kupika siku liliyoambiwa, bila haja ya kujua nani kauona mwezi. Sufuria haiulizi kama chini yake ni makaa au gesi. Ukitaka mwezi mwingine, unachomoa huu unachomeka ule, na mengine yote yanabaki yalivyo. Nikajaribu kila kipande kivyake, kisha vyote pamoja, nikamwonyesha mama mdogo. Akawatazama wakwe zake walivyopangwa kwenye siku yao, akasema haya, tutaona.

Saudia wakatangaza mwezi, kwetu haukuonekana. Asubuhi mapema nikateremka jikoni. Oda za mama mdogo zilikuwa zimejipanga kwenye simu, na aliyekuwa akizipika ni mama, naye amefunga. Za kwake ni kesho.

Mama mdogo akafika na buibui jipya, ananukia udi, akasimama mlangoni kama mgeni. Mama akachota supu ya pilau kwa upawa, akampelekea palepale.

"Mimi nimefunga," akasema. "Wewe leo ni Idd yako. Nionjee chumvi, ndugu yangu."

Mama mdogo akaonja, machozi yakimlengalenga.

"Imepungua," akasema. Akavua buibui lake, akalitundika kwenye msumari wake wa siku zote.