Niliuza Cherehani ya Mke Wangu, Akapigwa Jirani

Cherehani ile haikuibwa. Niliiuza mimi, nikainywa, na mtu asiye na hatia akapigwa kwa ajili yangu. Nikikumbuka najichukia. Nisikilizeni kwanza, kisha mnitukane mkipenda.

Miaka ya sabini nilikuwa mhudumu wa mezani katika hoteli moja ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Wageni wengi walitokea Kenya, na bakshishi zao zilinipumbaza. Kwetu Mbulumbulu watu wanalima ngano na maharage kwa jasho. Mimi nateremka Karatu na suruali ya bugaluu, pana miguuni, na viatu vya raizoni vya soli nene, naagizia bia baa nzima. Watu nisiowajua hata majina waliniita bosi, na mimi mjinga nikaitika.

Mke wangu, Elizabeti, alikuwa na cherehani aliyoinunua kwa maharage ya shamba lake mwenyewe. Alishona sare za shule na magauni ya kipaimara. Kila nikirudi likizo aliniomba tuweke akiba, tununue mabati, maana nyumba ilivuja. Nilimjibu kwamba hela ya wageni haiishi.

Siku moja fundi mkuu wa karakana ya hoteli, mzee mpole wa Ganako, aliniita. Alitaka kunifundisha ufundi wa magari, nianze kwa mshahara mdogo.

"Sahani kila mtu anaweza kubeba, kijana," aliniambia. "Ufundi utakufuata popote uendako."

Nilitazama mikono yake yenye grisi, nikaona kinyaa. Nikamwambia nguo zangu ni za bei. Jamani! Kinyaa kwa mikono iliyosomesha watoto wake wote!

Kisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa. Wageni wakakatika ghafla. Sisi wahudumu tukapunguzwa kazi. Mafundi wakabaki, maana magari yalikuwa yamechoka na yalihitaji mtu.

Nilirudi nyumbani sina hata ya sukari, lakini baa sikuiacha. Wale walioniita bosi walinitazama wakisubiri niagize, na mimi niliona aibu kusema sina. Elizabeti alipokwenda Mbulu kumuuguza mama yake, niliitia cherehani kwenye gunia, nikaifunga juu ya baiskeli, nikampelekea mwenye duka mmoja Karatu. Tulikula mbuzi, tukanywa, hadi nikajitapikia viatuni. Hao waliokula wakaniacha pale pale, na inzi wamenijaa.

Elizabeti aliporudi nilimwambia wezi wameingia. Alilia kama aliyefiwa. Majirani wakajaa, wakauliza nani alionekana pale kwetu. Mtu akamtaja Boay, jirani aliyekuwa akikamua ng'ombe wetu siku nilizolala baa. Wanamgambo wakamleta, wakaanza kumpiga mbele yangu.

"Baba Paulo, waambie," Boay alinisihi, akiniita kwa jina la mwanangu. "Wewe unanijua."

Nikasema sijui. Walimvunja mkono, na mkono huo ukaunga vibaya. Hakuweza tena kushika plau.

Baadaye Elizabeti alikwenda Karatu kununua nyuzi, akaikuta cherehani yake dukani. Mwenye duka hakumficha aliyeiuza. Elizabeti alianzia kwa Boay, akampigia magoti na kumwomba msamaha. Kisha akaja nyumbani, hakupandisha sauti.

"Umaskini ningeuvumilia," alisema. "Lakini siwezi kulala na mtu aliyemtazama Boay akipigwa."

Akachukua watoto, akaenda kwa wazazi wake. Hakurudi.

Nilikwenda kuwaambia wanamgambo ukweli, kisha nikaenda kwa Boay. Alinisikiliza mlangoni, hakunikaribisha ndani. Alisema jambo moja tu, kwamba mvua zimekaribia na shamba lake halijalimwa. Nilimlimia msimu ule, na misimu mingine mingi. Hajawahi kunikaribisha, na sioni kwa nini anikaribishe.

Ninyi mnaoanza maisha, msichague kazi kwa kutazama nguo mtakazovaa. Shikeni ufundi hata kama unachafua mikono. Hela ikiingia, ipelekeni nyumbani kwanza, na mke au mume akisema "tuweke kidogo", msimcheke. Mimi nilidhani ninachezea changu. Mfujaji hajimalizi peke yake, ndugu zangu. Humaliza na wale ambao hawakunywa hata tone.