Mwezi wa Sita Mara Mbili

Hapa kichochoroni kwetu, Tainan, kusini mwa Taiwan, hakuna maneno yanayonikera kama "si uko nyumbani tu". Nimeyasikia yakirushwa kwa Wan-ting mpaka natamani kumwaga sufuria zima. Nauza supu ya samaki mkabala na mlango wake, kwa hiyo nayaona yote.

Wan-ting anaiandikia programu za kompyuta kampuni moja ya Taipei. Alipojifungua aliomba ajipangie saa zake mwenyewe, wakamkubalia. Raha yenyewe haikudumu. Bosi akaona kwamba mtu anayejipangia saa anapigiwa simu saa yoyote. Mama mkwe wake, Mama Kuo, akaona kwamba mtu asiyetoka asubuhi hana kazi. Mumewe yuko Hsinchu, anakuja Jumamosi na mfuko wa nguo chafu.

Katikati ya hayo alikuwa na kitu chake: programu huria inayogeuza tarehe za mwezi mwandamo kuwa tarehe za kawaida. Halipwi kitu, na yeyote anaweza kuichukua na kuirekebisha. Watengenezaji wa kalenda za simu wameichukua, kisha wanamwandikia kwa ukali kana kwamba ni mtumishi wao. Ugumu wake uko kwenye miaka ile ambayo mwezi mmoja huja mara mbili, ili kalenda ya mwezi isiachwe nyuma na ya jua. Kabla ya kutoa toleo jipya, Wan-ting aliijaribu mwaka kwa mwaka, akilinganisha na kalenda za karatasi. Kazi hiyo inataka utulivu, na utulivu wake kila mtu alikuwa akijichotea.

"Dada, nimenaswa," aliniambia. "Nikigeuka huku naitwa, nikigeuka kule naitwa."

"Achana na hiyo ya bure, basi! Nani atakufunga?"

Akaiacha. Akamkabidhi Ko-wei wa Taichung, kijana aliyekuwa akimsaidia mtandaoni. Wiki zilizofuata alikuwa anakuja kibandani, anaketi, anamaliza bakuli supu ingali moto. Nilifurahi kama mwanangu amefaulu mtihani.

Mwaka ule mwezi wa sita ulikuja mara mbili. Mzee Kuo, marehemu mume wa Mama Kuo, alifariki mwezi wa sita, na ukija mara mbili, kwao kumbukumbu hufanywa katika ule wa kwanza. Mama Kuo haoni vizuri. Simu ndiyo humsomea siku, kwa kalenda inayotumia programu ile ya Wan-ting. Safari hii simu ikanyamaza. Asubuhi moja wifi yake akapiga kutoka Chiayi, sauti ikafika mpaka kwangu.

"Mwaka huu mmekula peke yenu? Nimeshakuwa mgeni kwa kaka yangu?"

"Tumekula nini, wifi? Simu inasema bado mwezi mzima!"

"Bado ipi? Ilipita juzi!"

Mama Kuo aliangua kilio. Kwao, siku hiyo roho ya marehemu hurudi kula; mumewe alikuja mezani kwake, akakuta hakuna hata bakuli la wali.

Wan-ting akaja na kompyuta kibandani. Ko-wei alikuwa ameyaondoa majaribio ya miezi inayojirudia, eti yanamchelewesha, na kosa likapita bila kuonekana. Alipomuuliza, kijana akajibu: "Nisamehe, dada. Nina kazi mbili na muda sina. Ukiitaka, ichukue."

"Usithubutu!" nikamwambia.

"Hapa kwetu ni mzee mmoja. Huko nje ni wangapi wamekosa wali wao?"

Akabonyeza, programu ikarudi mikononi mwake. Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka, na sikujua nimkasirikie nani.

Kesho yake Mama Kuo alipanga meza ya kumwomba marehemu radhi: kuku mzima, samaki, wali, na chai aliyoipenda. Nilikuwa nimewapelekea samaki, nikabaki mlangoni.

"Na huyo aliyetengeneza hiyo kalenda," Mama Kuo akafoka, "kazi yake haikagui?"

"Alikosa muda, Mama."

"Muda! Si wangempa mtu kama wewe, unao tele." Akamkabidhi vijiti vya udi. "Ukimaliza hapa kamchukue mtoto, halafu unipeleke kwa daktari wa macho. Si uko nyumbani tu."

Nilimtazama Wan-ting, nikingoja aseme. Aseme hata neno moja tu.

"Sawa, Mama," akasema, akaiinamia picha ya mkwewe. Mfukoni simu yake ikaanza kulia, naye ameshika udi kwa mikono yote miwili.