Antena ya Jirani

Jirani yangu wa hapa Emmen, Uholanzi, hana habari nyingine ila antena. Msalimie asubuhi, atakujibu, "Nusu wimbi, bwana! Robo wimbi ni ya wavivu, mpaka uitandazie nyaya chini. Hii yangu inajitegemea!" Mikono yake, ambayo bawaba legevu ya mlango wa jikoni inaisubiri tangu mwaka juzi, hukata bomba la alumini la antena hiyo taratibu kama kinyozi anayemnyoa bwana harusi. Anakata kipande chembamba kama ukucha, anapanda ngazi, anashuka, anaichungulia mita ya kupimia mawimbi ndani ya kibanda cha bustani, anaguna, anakata tena. Mkewe, Hilje, humwita kutoka mlangoni: "Mzee, supu ya njegere inapoa!" Naye huinua kidole bila kugeuka. "Sasa hivi, mama. Mshale unacheza."

Jumamosi, nikiwa napunguza ua wangu wa miti, redio yake ya kuzungumza na watu wa mbali ikamnasa mtu wa Sisilia, safi kabisa, utadhani kakaa juu ya baiskeli yangu. Jirani akammwagia yote: urefu wa bomba, mizunguko ya koili, nguvu ya mawimbi. Msisilia akasikiliza kwa adabu, kisha akauliza, "Na nyumbani je, kaka? Mkeo hajambo?"

Hilje alikuwa amesimama mlangoni, upawa mkononi. Jirani akamtazama, akaitazama redio, akakohoa, akabonyeza kitufe cha kuongea.

"Hapo sikukupata, kaka. Rudia."

Msisilia akarudia, kwa sauti iliyotufikia sote watatu.

"Antena bado ni ndefu kidogo," jirani akanong'ona, akachukua msumeno, akapanda ngazi.