Mwenye Shamba la Machungwa

"Shamba hili la nani?" aliuliza Bibi, miwani ikiwa imemfunika nusu ya uso, na mimi na digrii yangu nikageuka kulitafuta shamba.

Tulikuwa kwenye kliniki ya mazoezi ya viungo, mtaa wa Ansab. Kiharusi kilikuwa kimemlaza mkono wa kulia. Kula kwa mkono wa kushoto hataki hata kusikia, kwa hiyo tulimlisha kwa kijiko, naye akifumba macho kwa aibu. Tuliahidiwa kwamba miwani ile ya kompyuta itamponya. Ukiivaa unajiona umo katikati ya michungwa. Unanyanyua mkono, unachuma, mashine inakupigia makofi. Niliuliza kwa nini asinyanyue chungwa la sokoni. Nikaambiwa chungwa la sokoni halitoi ripoti.

"Mchezo tu, bibi," alisema mtaalamu, binti wa rika langu. "Halina mwenyewe."

"Shamba zuri hivi lisiwe na mwenyewe? Sichumi cha mtu bila idhini. Nna umri wa kuitwa mwizi mie?" Akavuta mtandio vizuri, asije akaonwa na wapita njia.

Wiki mbili hakuchuma hata moja. Ripoti ikatoka kwa rangi nne: mgonjwa hana ari. Tukaonywa kwamba akiendelea hivyo, nafasi yake atapewa mwingine.

Ami yangu, mwana mkubwa wa Bibi, aliyezeekea kwenye ofisi za serikali za Al Khuwair, alilimaliza kama anavyomaliza kila jambo. Alileta barua. Ilikuwa na nambari ya kumbukumbu, na ilisema mwenye shamba amemruhusu bibi huyu kuchuma atakacho. Mtaalamu aliisoma kwa sauti bila kucheka.

"Ina muhuri?" akauliza Bibi.

"Inao, bibi."

"Haya."

Mkono ukapanda mpaka kwenye tawi. Kliniki wakaisifu mashine, ami akaisifu barua. Mimi nilikisimulia kisa hiki kila penye watu, nikimcheka bibi aliyeamini michungwa ya hewani.

Miaka mingi baadaye ami alinieleza. Barua ile Bibi ndiye aliyemtajia neno kwa neno aiandike, akamkataza kuileta mpaka amwite. Hakutaka tuuone mkono ukishindwa. Wiki zile mbili, kila baada ya sala ya alfajiri alifunga mlango, akajaribu kunyanyua kwa mkono ule kifinjani kitupu cha kahawa. Alimpigia ami simu alete barua siku kilipofika mdomoni.