Fundi Bomba na Mkojo Wake

Mume wangu alinisingizia uchawi. Yeye ni fundi bomba, anazibua mabomba ya mtaa mzima, lakini kila tulipomaliza mambo yetu ya chumbani alisimama chooni akijikamua weee, mkojo hautoki. Akaenda kumshtakia dada yake.

Wifi akaja mbio. "Umemfunga kaka yangu!"

"Nimfunge na nini, wifi? Koki?"

Nikamburuta mume hadi zahanati. Muuguzi akatabasamu. "Baba, mwili ukisisimka njia ya mkojo hujibana. Usijikamue, tulia kidogo, utatoka. Ukigoma kabisa, rudi tukupime."

Akatulia, ukatoka. Siku hizi anakojoa huku anapiga mluzi, na kwa wifi mimi bado mchawi. Namdai mume wangu neno samahani, alitamke mbele ya dada yake.